Kilo Zilizotangazwa kwa Sauti

Saa moja asubuhi, mpima uzito wa zahanati anafuta mizani kwa kitambaa. Benchi limejaa. Mgonjwa wa kwanza anapanda. Mpimaji anasoma kilo, anaziandika kwenye kikaratasi, anakikunja na kumpelekea karani. Hasemi neno.

Zamani alisema. Kwa miaka kumi na minne alizipaza kilo kutoka kwenye mizani hadi mezani kwa karani, hatua tisa, benchi zima likisikia. Kwa wanene aliongeza na kejeli.

"Kuna fundi cherehani nilimpigia kelele, 'Mia moja na kumi na nane! Mama, mdomo una mlango, ufunge!' Watu wakacheka, na mimi nikacheka," anasema, macho kwenye viatu vyake. "Hajarudi tena. Na ana kisukari."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mwaka juzi mpimaji mwenyewe alinenepa. Akajinyima, akapungua kilo kumi na moja. Njaa ikamshika vibaya, kilo zote zikarudi na tatu za ziada. Akawa anakula biskuti chooni, mlango kaukomea, mumewe asijue.

"Nilijionea aibu mpaka kwenye kioo."

Daktari wa zahanati ndiye aliyemfungua macho. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni inayoupasha ubongo habari za njaa. Chakula kikifika, utumbo hutoa nyingine za kusema basi, inatosha. Mtu akipungua, ile ya njaa huweza kupanda na hizi za shibe kushuka, mwili ukipigania kilo zake.

"Nikamuuliza, 'Kwa hiyo si ulafi?' Akanijibu, 'Mama, nani kakwambia njaa inasikia matusi?'"

Alifarijika kwa siku moja tu. Kama kwake haukuwa ulafi, kwa fundi je?

Jumapili iliyopita alimfuata nyumbani kwake, uchochoroni. Fundi alikuwa anashona, mguu mmoja umefungwa bandeji. Hakuinua macho.

"Nikamwambia, 'Dada, nisamehe.' Akasema, 'Ulinitangaza mbele za watu, halafu unakuja kuniomba radhi uchochoroni?'"

Mpimaji anakunja kikaratasi kingine. Jumatano ni kliniki ya kisukari, na ameshamtumia fundi ujumbe wa kumwita.

"Nitapanda mizani mimi kwanza, karani akae palepale pake, nizipaze kilo zangu mwenyewe. Mia moja na nne. Aje anicheke. Mradi aje."