Kengele ya Kuitikia Shikamoo

Hadi leo, kengele ya baiskeli ikilia nyuma yangu, nasikia harufu ya zabibu mbivu na grisi. Kiangazi kile cha mavuno, babu alinipakia kwenye keria kila asubuhi, tenga la zabibu limefungwa mbele, tukatoka kijijini Mkonze kwenda mjini huku upepo wa vumbi ukitupasua midomo. Alikuwa mzee tayari, shingo imekakamaa na sikio moja halisikii, lakini kumwambia aache baiskeli kulikuwa sawa na kumtukana.

Tatizo lake lilikuwa heshima. Njia nzima watu walimwamkia, na hakuna shikamoo aliyoiacha bila jibu. Aliinua mkono, akageuza kichwa na mabega yote, akavuta marahaba ndefu, na baiskeli ikafuata alikotazama. Siku moja ilifuata hadi katikati ya barabara. Lori likapiga honi, babu akakata usukani, tukajikuta mtaroni, mimi juu ya zabibu, yeye chini ya baiskeli. Goti lake halikupona sawasawa tena.

Bibi alimkanda kwa maji ya moto huku akifoka. "Baba Lameki, hizi shikamoo zitakuua. Na huyu mjukuu je?"

"Sasa mtu aniamkie nimnyamazie? Watasema najidai."

"Macho mbele, mikono kwenye usukani. Kidole gumba si unacho? Itikia kwa kengele."

Bibi alipita nyumba kwa nyumba kuwaeleza majirani kwamba mzee akipiga kengele ameitikia. Akaongeza na masharti yake: avae shati jeupe, arudi kabla jua halijamchoma macho, na kwenye barabara kuu ashuke akokote. Babu alinuna siku kadhaa, ila alitii. Watoto ndio waliofurahi. Walijipanga kando ya njia kumwamkia ili tu wasikie kengele, nami huko kwenye keria nikavimba kichwa utadhani naamkiwa mimi.

Hatukuanguka tena. Niliamini ni barabara peke yake iliyokuwa ikimtafuta babu. Kiharusi kilimkuta nyumbani, ameketi, kikamnyang'anya sauti na upande mzima wa kushoto. Bibi akaifungua kengele na kuifunga kwenye ubao wa kitanda, karibu na mkono uliobaki mzima. Watoto wakitoka shule walisimama mlangoni, "Shikamoo babu!" na kengele ikawajibu. Jioni moja nilimwamkia, nikasubiri. Nikarudia kwa sauti zaidi. Kidole kilikuwa pale pale juu ya kengele. Bibi alinishika bega. "Mwache, mjukuu wangu. Amepumzika." Nililia kwa hasira, maana babu hakuwahi kuninyima jibu.

Sasa ninazo mvi zangu na baiskeli yangu. Barabara imepanuliwa, bodaboda zinapita zikininyoa masikio, nami navaa kofia ngumu na kizibao kinachong'aa, na kwenye barabara kuu nashuka nakokota. Watoto wa shule wakiniamkia napiga kengele, macho mbele. Hawaelewi. Juzi nilimsikia mmoja akisema, "Huyu mama ana maringo." Iliniuma, na bibi hayupo tena wa kupita nyumba kwa nyumba kuwaeleza.

Kengele ni ile ile ya babu. Kila asubuhi, kabla sijapanda, naishika na kusema taratibu, "Shikamoo babu." Nasubiri kidogo, kisha naipiga mwenyewe.