Mama mkwe alivyopanda jukwaani kumtunza mwimbaji wa opera, Joburg

Wakuu, salaam kwenu wa bara, wa pwani, na mliotawanyika huku kusini.

Kisa hiki mke wangu alinikataza kukiandika. Lakini jana kaniudhi, kwa hiyo leo mnakipata chote. Chumvi sijaongeza, panapochekesha ndivyo palivyokuwa.

Mwaka 2017 nilikuwa fundi cherehani Turffontein, Joburg. Kwetu Tanga. Mteja mmoja akaniunganisha na kampuni ya opera ya mkoa ule, fundi wao aliugua na show ilikuwa inakaribia.

Kwa msioijua opera: ni mchezo wa kuigiza ambao hakuna anayeongea, wote wanaimba. Hata anayeomba maji anaimba. Kwa Kitaliano. Mtu akichomwa kisu, anaimba kwanza ndipo afe.

Nilidhani ni mambo ya Wazungu. Kumbe nusu ya waimbaji ni watoto wa Soweto waliolelewa kwenye kwaya za kanisa. Kampuni ilikuwa inazunguka mashuleni na kwenye kumbi za kule, na kina mama wa Soweto wanazijua zile nyimbo kama sisi tunavyoijua taarab.

Mkuu wa mavazi alikuwa Madam Lorraine, mama wa Kizungu asiye na maneno mengi. Aliniambia show ikienda vizuri ananipa contract ya mwaka mzima.

Wakuu, nilikuwa na mtoto mchanga na cherehani ya kukodi. Ile contract niliitaka mpaka nikawa naiota.

Nikashona gauni jeusi la mjane, mhusika mkuu. Mwimbaji wake aliitwa Thandeka, binti wa Soweto. Akifungua sauti unahisi vifungo vya shati vinatetemeka.

Nikapewa tiketi mbili za Jumapili mchana. Mke alikuwa na mtoto, nikaenda na mama mkwe, ambaye alikuja kutoka Tanga kumwona mjukuu.

Niseme kidogo kuhusu mama mkwe wangu. Ni mjane, mpole, na taarab hakosi. Wa pwani mnajua, wimbo ukikugusa hukai. Unainuka, unatembea kwa madaha, unamtunza mwimbaji mbele za watu. Ukikaa tu, wewe ni mchoyo.

Haya nayajua tangu utotoni, na sikumwonya. Kosa langu liko hapo.

Ikafika sehemu mjane anamlilia mumewe. Jeneza wazi katikati ya jukwaa, mume kalala ndani. Mama mkwe Kitaliano hajui hata neno moja, lakini nikamwona anafuta machozi kwa kanga. Nikafurahi, nikajua ni gauni langu limefanya kazi.

Kisha akafungua fundo kwenye pindo la kanga. Akatoa randi hamsini. Akainuka.

Wakuu, mwanaume wa Tanga hamvuti mkono mama mkwe wake. Hata nyumba ikiungua, unamwomba atoke. Nikanong'ona, "Mama, tafadhali, mama." Alikuwa keshafika kwenye ngazi za jukwaa.

Pale kwenye ngazi alisimama security, Papa Kalonji, Mkongomani wa Lubumbashi tunayefahamiana. Nikashukuru Mungu.

Papa Kalonji akamtazama mama, akaitazama ile hamsini, akampa mkono akampandisha.

Nilipomuuliza baadaye akasema, "Ndugu yangu, mama mukubwa anakuya na feza mu mukono, miye nitamukataza namna gani? Kwetu hii njo heshima."

Basi mama mkwe akatembea. Mkono juu unapepea hela, taratibu kabisa, kama hakuna anayemsubiri. Thandeka alikuwa ameshika sauti ndefu ya juu na hakuiachia, macho tu yalimtoka. Mama akambandika hamsini kwenye paji la uso. Jasho likaishika.

Nikadhani yameisha. Kugeuka ashuke, akaliona jeneza.

Msiba ni msiba. Akafungua tena pindo, akatoa randi ishirini, akaiweka kifuani kwa marehemu kama rambirambi. Akamwombea na dua fupi.

Tumbo la marehemu likaanza kutikisika.

Ghorofani walikuwepo kina mama wa kwaya ya Soweto, wakaachia vigelegele. Mzee wa Kizungu mbele yetu akatoa pochi lake, mkewe akamrudishia mfukoni. Mimi nilishuka kitini mpaka sikuliona tena jukwaa.

Kurudi nyumbani, tumesimama kwenye robot, ndiyo taa za barabarani kwa lugha ya huku, mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, watu wa huku wachoyo. Ukumbi mzima nimeinuka peke yangu."

Nikajibu, "Ndiyo, mama." Ungejibu nini?

Jumatatu Madam Lorraine akaniita. Nikaenda na mkasi wangu mfukoni, tayari kuaga.

Akaniambia Thandeka ameibandika ile hamsini kwenye kioo chake na hataki iguswe. Miaka yote anaimba ukumbi ule, hakuna aliyewahi kuinuka kumfuata. Sasa anataka kuja kuwaimbia watu wa yule mama, Turffontein.

"Contract nitasaini baada ya siku hiyo," Madam akasema. Halafu akanitazama juu ya miwani. "Athumani, no surprises."

Hayo maneno niliyashika kama amri. Wiki mbili nilipita kwa kila Mtanzania, Mkongo na Mrundi. Hakuna kuinuka. Hakuna vigelegele. Hela acheni nyumbani. Mama mkwe nilimwomba kwa heshima zote, akasema tu, "Sawa, baba."

Siku ikafika. Ukumbi ni ule tunaokodi kwa harusi, umejaa. Thandeka akaimba wimbo wa kwanza. Watu kimya, mikono mapajani, kama wanapigwa picha za pasipoti. Wa pili, vilevile. Hata watoto wetu, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kizulu, walitulia.

Wa tatu ukawa ule wa mjane. Nikamwona Thandeka anatazama ngazi, anaimba na anatazama ngazi. Sauti ikaanza kunywea.

Madam Lorraine akaniinamia. "Eish, Athumani. Hawampendi?"

Nikageuka kuwatazama watu wangu. Macho yamejaa machozi, Papa Kalonji analia waziwazi, na hakuna aliyesogea kwa sababu yangu. Niliona aibu kuliko ile Jumapili.

Nikainuka. Contract na iende. Nikatia mkono mfukoni, mfuko mtupu. Sheria yangu mwenyewe nilikuwa nimeitii.

Mama mkwe hakunitazama hata. Akafungua pindo la kanga, akatoa randi mia, akaniwekea mkononi.

"Nenda," akasema. "Na utembee vizuri, usinitie aibu."

Nikaenda. Nilivyotembea mniachie mwenyewe. Nilipombandika Thandeka ile mia, sauti ilirudi yote, na kugeuka nyuma naona foleni mpaka mlangoni. Hela walizificha kwenye soksi, wote.

Madam Lorraine alisaini jioni ileile, juu ya meza ya chakula. Kisha akaazima randi ishirini kwa mama mkwe, akapanga foleni, maana ilikuwa bado ndefu.

Nililojifunza wakuu: ukiona aibu kwa ajili ya mtu wako, muulize kwanza aliyefanyiwa kama na yeye ameona aibu.

Nanyi mliowahi kuwakataza watu wenu kitu halafu mkakifanya wenyewe, uwanja huu hapa. Na mke wangu akipita humu, mwambieni mama yake anajua nimeandika. Ni yeye aliyenikumbusha ile ishirini ya marehemu.