Mkate na Chumvi kwa Bi Emina

Naandika haya aibu ikiwa bado mbichi. Mimi ni mkutubi wa vitabu vya lugha za Kislavi katika maktaba ya hapa Al Khuwair, nchi ya Kiarabu. Kirusi, Kipolandi na Kibosnia nilijifunza mwenyewe, na mara nyingi kichwani mwangu theluji inaanguka huku nje jua linachoma.

Juzi alikuja Bi Emina kutoka Bosnia. Marehemu baba yake ameacha vitabu vingi, naye alitaka kuona kama tunastahili kupewa. Nilikuwa nimesoma kwamba Waslavi humpokea mgeni kwa mkate na chumvi. Nikachukua mkate wa ufuta aliouoka mke wangu na kibakuli cha chumvi, nikasimama mlangoni kama niko kijijini kwao, penye ukungu na miti myeupe.

Alipoingia nilimkaribisha kwa Kibosnia. Aliutazama mkate, akatabasamu, hakuugusa. Nikadhani anaona haya. Nikamega kipande, nikachovya chumvini, nikala ili kumwonyesha. Kilikuwa kitamu, nikamega cha pili.

"Maalim Nasoro!" akanong'ona Bi Salma, mkuu wangu. "Una nini leo?"

"Nnamkaribisha mgeni kwa mila za kwao."

"Mila gani hizo, saa nne asubuhi, na Ramadhani hii?"

Nikaganda, shavu limejaa. Bi Emina akaziba kicheko kwa ncha ya mtandio wake, ambao ndiyo kwanza nauona, akasema kwa Kiarabu:

"Na mimi nimefunga, ndugu yangu. Huo uliobaki niwekee, tufuturu pamoja tukizungumza habari za vitabu."