Nilivyorefusha code ya kufunga memory, Mama Akinyi akasimamishwa kazi

Wakuu, nawasalimu. Haya ni ya miaka ya tisini, Kisumu, na sijapunguza aibu yangu hata kidogo.

Nilikuwa kijana wa Migosi, nimejifunza kompyuta mwenyewe kwa fotokopi za vitabu.

Kampuni moja ya samaki ikanipa kazi: kompyuta isome joto la chumba cha baridi, na likipanda ipige kengele.

RAM, yaani memory ya kompyuta, ilikuwa kidogo. Ikijaa, kernel, kiini cha mfumo wa kompyuta, ilihamishia programu ya kengele kwenye diski, na kengele ikachelewa. Dawa ni kuifungia programu memory yake isihamishwe. Code ya kernel ya kufanya hivyo ilikuwepo, mistari kama arobaini.

Mimi nikaiona fupi mno. Ningelalaje?

Nikaongeza hesabu: kila kipande cha memory kikumbuke kimefungwa mara ngapi, kisiachiliwe mpaka kifunguliwe mara hizohizo. Kisha nikaifanya programu ifunge mara mbili, kwa usalama. Mistari ikafika mia tisa. Meneja akaiona ikitoka kwenye printa, akasema sasa huyu anafanya kazi.

Sikuuliza jambo moja: pale watu huomba Mungu wapi.

Kila asubuhi na jioni wafanyakazi waliomba mlangoni mwa chumba cha baridi. Mlango wazi, joto linapanda, kengele inalia katikati ya maombi. Basi Mama Akinyi, msimamizi wa chumba, alikuwa anaizima programu, wanaomba, anaiwasha tena.

Kila akiizima, code yangu ilifungua mara moja tu kile kilichofungwa mara mbili. Memory ikabaki imefungwa, haina mwenyewe. Baada ya wiki moja ya maombi, kompyuta ikaganda.

Siku hiyohiyo mashine ya baridi ikaharibika. Kengele kimya. Samaki wote wa mbuta waliotoka ufuo wa Usenge wakaoza.

Meneja akasema ni Mama Akinyi, si ndiye huzima kila siku? Akamsimamisha kazi. Mimi nimesimama hapohapo. Nikasema naomba siku mbili nichunguze.

Wakuu, nilichunguza saa moja. Nikatoa hesabu zote, nikabakiza alama moja kwa kila eneo la memory: limefungwa au halijafungwa. Programu ikizimwa, kila kitu kinaachiliwa. Mistari thelathini.

Muda uliobaki nilikuwa naandika ripoti ya kueleza kosa bila kusema ni la nani. Ilifika kurasa tatu.

Siku ya tatu nikaichana, nikamwambia meneja kosa ni langu. Akaitazama ile code mpya.

"Bwana, umepunguza kazi, halafu unataka niamini imekuwa nzuri?"

Hata hivyo alimrudisha Mama Akinyi, nami nikapewa barua ya onyo.

Nikaenda kumwomba msamaha, nikamweleza habari zote za kufunga na kufungua. Alisikiliza huku akipanga kreti.

"Kurekebisha kulichukua muda gani?"

"Saa moja hivi, Mama."

"Na mimi nimekaa nyumbani siku mbili. Huo muda mwingine wote ulikuwa unarekebisha nini?"

Nikamsaidia kupanga kreti.

Nilichojifunza: ile mistari mia tisa niliiandika ili nisilaumiwe, na kweli, alilaumiwa mwingine. Siku hizi code yangu ikianza kurefuka, najiuliza namwogopa nani.

Nanyi wakuu, nani hapa amewahi kusema "bado nachunguza" na jibu analo mfukoni? Andikeni, mimi nimeshaanza.