Aliyepita Bila Kuamkia

Mama yangu alikuwa mwonaji. Alitazama maji ndani ya nusu ya kibuyu, akawaambia watu aliyepotea yuko wapi. Kwetu Walikale, miaka ile ya Wabelgiji, wawindaji walipotea msituni mara kwa mara, na Wakristo walimjia mama sawa na wengine. Sharti lilikuwa moja: mwenye shida achote maji mtoni mwenyewe alfajiri, na asiamkiane na mtu hadi afike kwa mama. Ukimkuta mtu njiani na chungu, ukamwamkia, akanyamaza, ulijua anakokwenda. Na wewe ulinyamaza, hata kwa mumeo.

Katekista wetu, mtu wa kutoka Masisi, nilimkuta hivyo. Mdogo wake alikuwa na siku ya nne msituni. "Jambo, Papa," nikamwambia, kama tunavyowaita wanaume wa heshima. Akapita ameinamisha kichwa. Mama aliona mti ulioanguka juu ya kijito. Watu wakaenda, wakamkuta kijana hai, mguu umevunjika.

Miezi miwili baadaye, siku ya Jumapili, katekista huyohuyo akamsimamisha mama mbele ya kanisa. Akamwita mchawi! Akasema mtoto wangu hatabatizwa mpaka bibi yake afukuzwe. Mdogo wake alikuwa benchi la mbele, fimbo mapajani. Hata leo naukumbuka uso ule mkavu wa katekista.

Nikasimama. "Papa katekista, ile asubui nilikuamukia, haukunijibu. Ulikuwa na chungu mu mukono. Sema mbele ya bantu, ulikuwa unaenda wapi!"

Kanisa zima lilielewa. Padre alipopita kwetu alimwondoa katekista, akambatiza mtoto. Mama alibaki nje ya kanisa, lakini mimi nilitembea kijijini kifua mbele.

Hakuna aliyeleta maji tena. Mama aliendelea kufagia mlango alfajiri na kukaa kungoja, msimu mzima wa mvua. Kisha jirani yetu mwindaji akapotea. Mkewe alifika karibu na uwanja wetu na chungu, akaniona nimesimama pale, akageuka na kurudi mbio. Yule mume hatukumpata hata mifupa.

Nikaanza kumtukana katekista, kwamba yote ni makosa yake. Mama akanikatiza.

"Nyamaza. Ye alinifukuza mu kanisa tu. Weye umenifukuzia bantu bote."