Bawa la Kushoto la Dundu

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika dhahabu, nilishika ufagio. Atelye ya Patron, yaani karakana yake ya usonara, ilikuwa mtaa wa Buyenzi, chumba kimoja chenye meza ndefu iliyokatwa nusu duara mbele ya kila sonara, na chini yake ngozi ya mbuzi imening'inizwa kupokea vumbi la tupa. Vumbi lile ni dhahabu, kwa hiyo hata mikono tulinawa katika beseni moja na maji yake hayakumwagwa ovyo. Baba yangu, naye sonara, alikuwa amefariki akaacha koleo na fuawe, nami niliapa kwamba vitu vile haviuzwi. Majirani walicheka, wapi msichana akawa sonara! Walicheka mpaka wakachoka. Mimi sikuchoka.

Patron, mwenye atelye, alikuwa mzee wa maneno machache. Asubuhi ile alinionyesha jiwe jeusi la kujaribia dhahabu. Unasugua kitu juu yake, kinaacha mstari, kisha unadondosha asidi. Mstari wa dhahabu unabaki. Wa shaba unachemka kijani na kupotea.

"Zaituni, kila kitu yenye inaingia hapa unaisugua mbele ya mwenyewe," aliniambia. "Hata akikuwa mama yako. Zahabu haina undugu."

"Hata ikikuwa ya kwako, Patron?"

"Ya kwangu njo ya kwanza."

Baadaye nilipelekwa chini ya Shefu wa atelye, mkuu wa mafundi, mtu mkali aliyegonga meza kwa nyundo ya mbao kila nilipokosea. Ndiye aliyenifundisha kulehemu, yaani kuunganisha vipande kwa moto, ukipaka kwanza tinkali ili dhahabu isiungue uso. "Mukono yako iko na haraka sana," alikuwa akisema. "Moto haipendi mutu wa haraka." Haba na haba hujaza kibaba, nikatoka kwenye ufagio nikafika kwenye tupa, kutoka kwenye tupa nikafika kwenye moto, na mwisho nikapewa meza ya dirishani, ya kutengeneza vitu vya zamani. Meza ile niliipigania, na nikishapata kitu mimi sikiachii.

Kisha vita vikaja. Gesi ikakosekana, tukarudi kwenye mkaa na mrija wa kupuliza kwa mdomo. Tulifungua tukiweza, tukafunga tukisikia risasi. Watu walileta herini na pete za ndoa tuziyeyushe, kwani donge la dhahabu ni rahisi kulificha. Kazi ile niliichukia, lakini niliifanya.

Ndipo akaja Mama Konsolata, mwalimu aliyekuwa akikaa mtaa wa Kinanira. Alifungua kitambaa akatoa broshi, pambo la kubana kifuani, ambayo sijaona nyingine kama ile. Babu yake, karani wa bandarini, aliinunua kwa mke wa mfanyabiashara Mgiriki aliyekuwa anarudi kwao. Ilitengenezwa Ulaya zamani, wakati mabibi wa huko waliposhikwa na wazimu wa mambo ya Misri ya kale. Katikati alikaa dundu wa jiwe la kijani, kila upande bawa la dhahabu lililogawanywa vyumba vidogo vidogo vilivyojazwa kioo cha rangi, buluu ya feruzi na wekundu wa akiki. Wamisri wa kale walimwona dundu akisukuma donge lake, wakasema hivyo ndivyo jua linavyosukumwa mpaka lichomoze tena.

Patron alicheka. "Kwetu huyu ni mududu ya mavi ya ng'ombe. Kule wamemufanya mukubwa!"

Mama Konsolata hakucheka. "Mutanikatia vipande tatu. Dezire anapanda bato ya ziwani, anaenda Kigoma kwa mujomba yake. Aline anapita mupaka ya Gatumba na shangazi, anaingia Kongo. Kila mutoto aende na bawa yake. Mi nitabaki na mududu."

"Apana, Madame," Patron alisema. "Kitu ya zamani ukiikata, imekufa."

Shefu naye akamuunga mkono. Kioo kile kingepasuka kikiguswa na moto. Nikasimama mezani kwangu nikasema nitaitenganisha bila moto, na tena kwa namna itakayorudi. Shefu akagonga nyundo. Sikukaa.

Nilikata kwa msumeno mwembamba, taratibu, nikipita katikati ya vyumba bila kuvigusa. Vibomba vidogo vya bawaba nilivilehemu pembeni, juu ya vibati vyake peke yake, kisha nikavipigilia nyuma ya mabawa na kwenye ukingo wa dhahabu wa dundu kwa misumari midogo ya dhahabu, baridi kabisa. Nilimwonyesha Mama Konsolata jinsi pini inavyopita, broshi ikawa moja. Nikachomoa pini, ikawa tatu. Aliifanya mwenyewe mara kadhaa, ikaunganika na kuachana, ndipo akalia.

Vita vilipotulia, Dezire alirudi kutoka Kigoma. Bawa lake lilikaa mahali pake, pini ikapita bila hata kusukumwa. Nilijivuna, nawaambia kweli.

Aline alichelewa. Huko Kongo nako kulikuwa na vita, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua yuko wapi. Siku aliyofika, mama yake alimleta moja kwa moja atelye, amemshika mkono. Aline alikuwa amekonda, na bawa alilitoa bila kuniangalia. Nililipima mkononi, jepesi. Rangi zilikuwa za kucha, si kioo. Vibomba havikukutana na vyangu. Fundi fulani alikuwa ameliiga kwa shaba ya njano, na vizuri tu, masikini.

Patron, aliyezeeka zaidi sasa, alisukuma jiwe jeusi mbele yangu kama ilivyo desturi. Sikuwa nimewahi kuivunja sheria ile, na sikujua nifanye nini.

Mama Konsolata akaweka kiganja juu ya jiwe.

"Patron, ondosha jiwe yako."

"Madame, ni sheria ya..."

"Najua. Mi sikutuma zahabu Kongo. Nilituma mutoto. Mutoto amerudi."

Aline akapiga magoti akimshika mama yake miguuni, akilia kwa sauti. Patron alilitazama jiwe, kisha akalitia katika droo na kuifunga. "Zaituni," alisema, "tengeneza ile bawaba."

Nikapanua vibomba vya shaba kidogo kidogo mpaka pini ikapita.

Leo nimestaafu, macho hayaoni tena vyumba vidogo. Vijana mnaoyeyusha dhahabu kwa mashine, msidhani nawadharau, mashine ni nzuri. Koleo la baba ninalo bado, na jiwe jeusi Patron aliniachia mimi. Kila msimu wa mvua Aline huniletea broshi, kwa kuwa bawa la kushoto huota kutu ya kijani, nami nalisafisha kwa ndimu na majivu. Nimesugua dhahabu ya matajiri na ya maskini juu ya jiwe lile, na pete yangu mwenyewe pia. Bawa lile sijalisugua.