Njia Tatu za Mama Uwizeye

"Ule mwanamuke ana ndimi tatu mu kinywa kimoja," Mama Léoncie aliniambia, huku ananipimia makala ya kupikia mu kopo. "Unaona ile waya yake inayozunguka parseli, uwanja huu wetu wote, inaingia mu nyumba za watu? Unazani ni moja? Ndani yake kunapita Kongo, kunapita Gisenyi kule Rwanda, na kile kisahani cha juu ya mabati kinaongea na mbingu. Sasa, mama, mutu mwenye milango tatu siku hizi za vita, anauza nani?"

"Labda hauzi mutu," nilisema.

"Aa! Wewe ungali mutoto. Mbuzi mumoja hafungwi kamba tatu bure."

Nilikuwa na mimba kubwa, na kubishana kulinichokesha. Nilibeba makala yangu nikaenda. Lakini tangu siku ile nilianza kumwangalia Mama Uwizeye, na nilichokiona ndicho ninachoandika hapa.

Sisi tunakaa Katoyi, hapa Goma, juu ya mawe meusi yaliyoshuka toka mulimani nikiwa ningali mugongoni mwa mama yangu. Nyumba zetu ni za mbao. Fasi ile huwezi kuchimba, jembe linalia na linarudi na moto. Kwa hiyo waya ya Mama Uwizeye haipiti chini. Inapanda ukuta wake, inapita juu ya choo, inafuata kamba ya nguo, inaingia kwa huyu, inatoka kwa yule, imefungwa na vipande vya tairi. Upepo ukipiga, anatoka na ngazi yake anaikaza, pagne yake ya kitenge imefungwa vizuri, anaimba taratibu wimbo wa kanisa.

Alizaliwa Kibumba. Alishuka Goma akiwa kasichana, amekaa juu ya magunia ya mashu, zile kabichi, chukudu ya mbao ya magurudumu mawili inakimbia mushuko na yeye anafunga macho. Alipokuwa mukubwa alipata kazi ya kufagia mu nyumba moja ya kompyuta kule Majengo, ambapo watu walikuja kuandikia ndugu zao wa Ulaya. Alifagia, aliangalia, mwishowe yeye ndiye aliyefungua asubuhi na kufunga jioni. Halafu simu zikaingia mu mifuko ya kila mutu, na nyumba ile ikakosa watu. Patroni alihamia Kampala akamwachia waya na visanduku, kwa sababu hakuna mwingine aliyevitaka. Yeye alizitandaza waya kwa majirani. Ndivyo sisi watu wa parseli tulivyopata rezo, ile intaneti, ya nyumbani, kama vile tunavyotumia robine moja ya maji.

Kuhusu zile njia tatu, alinieleza yeye mwenyewe, siku moja tukichagua maharagi pamoja.

Wakati mulima wa moto ulipasuka mwaka wa 2021, tayari alikuwa ananunua rezo kwa kampuni tatu. Aliona ni akili: moja ikilala, nyingine inaamuka. Mama yake, muzee Nyiramahirwe, alikuwa anakaa Munigi, chini ya mulima, peke yake, na ana simu. Jioni ile mbingu ikawa nyekundu. Mama Uwizeye alikimbilia sanduku lake. Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Alizima, aliwasha, alipiga magoti. Moto ulikata barabara, hakuna wa kupita kwenda Munigi kumutafuta muzee. Siku zikaenda. Walimutafuta mu makanisa yote ya muji, hakuonekana. Mwishowe jamaa wakasema, tufanye nini, tumulilie. Wakakoka moto wa matanga mu parseli, wanawake wakavua viatu, wakaketi chini.

"Na matanga yakiwa katikati," Mama Uwizeye aliniambia, "mutu anasukuma mulango wa mabati. Ni yeye. Na kikapu cha viazi juu ya kichwa. Alikuwa amekimbilia Kibumba kwa ndugu yake, amekaa analima. Anatuangalia, anauliza: 'Munalilia nani?'"

Nilicheka mupaka maharagi yakamwangika chini.

"Cheka tu. Aliangalia moto, aliangalia miguu yetu bila viatu. Halafu akaelewa. Akanigeukia mimi, mbele ya watu wote: 'Kampuni tatu! Unajisifu kampuni tatu! Na hakuna hata moja iliyojua kuniita jina?'"

Mawe yalipopoa alikwenda Munigi kwa miguu. Alikuta nguzo zimeanguka na kuungua, na juu ya nguzo zilezile, waya za kampuni zake zote tatu zimefungwa pamoja, zimekuwa kitu kimoja cheusi.

"Majina yalikuwa tatu, Mama," alisema. "Njia ilikuwa moja."

Tangu siku hiyo, akiingia mu biro, ofisi ya kampuni, haulizi kwanza bei. Anauliza: "Waya yenu inapita wapi?" Vijana wa biro wanamucheka, wanazani ni mama anataka kuiba waya. Yeye anangoja mupaka mumoja amuonyeshe. Hivyo alichagua upya. Moja inakuja kwa nguzo, upande wa muji. Ya pili ni kadi ya simu ya Gisenyi, inavutwa na antene aliyoifunga juu ya muti wa avoka. Ya tatu ni kile kisahani cha satelaiti kinachotazama juu. Zote zinaingia mu sanduku dogo lenye mataa tatu, na upande mwingine inatoka waya moja, ileile inayopita juu ya choo chetu. Sanduku, taa na batri anazipa nguvu na kioo cha jua.

Nilimuuliza: zikiwa tatu ndani ya moja, hazigombani?

"Umeona watoto wakitoka ziwani na maji?" alinijibu. "Huyu ana bido ya plastiki, yule ana bido. Wengine wanapita barabara kubwa, wengine wanapita kichochoro. Jioni maji yote yanajaa mu pipa moja. Mwenye kunywa haulizi ni bido ya nani."

Nilirudi nyumbani na neno lile. Usiniulize kama nililielewa lote.

Bwana yangu, Kasereka, ni mutu wa biashara, anapeleka nguo Butembo na kurudi na maharagi. Alipanda kwenda Butembo kabla ya Noeli. Halafu vita ikakata njia nyuma yake, na mwisho wa janvié, mwezi wa kwanza, vita ikaingia mu muji kabisa. Tulilala chini, matelas kwenye madirisha. Kurani ya umeme ikakatika, maji yakakatika, simu zikakufa. Mutoto wangu hakungoja risasi zinyamaze. Alizaliwa chini ya meza, Mama Uwizeye amenishika mabega na Mama Léoncie amempokea mukononi, mikono yake ingali myeusi ya makala.

Lakini hofu yangu kubwa ilikuwa nyingine. Ninamujua Kasereka. Akisikia bombe limeanguka Katoyi, na kweli lilianguka, na asiposikia sauti yangu, hatakaa. Atashika njia ya Kiwanja kwa miguu aje kutuzika au kutuona. Na njia ile, siku zile, ilikuwa inakula watu.

Siku ya kumutoa mutoto inje ilipofika, majirani walikuja wachache. Huyu analeta sabuni, yule kitenge. Mama Uwizeye aliingia na waya imezungushwa kwenye bega kama nyoka mukubwa, kwa sababu ile ya zamani ilikatwa na risasi.

"Kwetu mutoto hapewi jina baba yake amenyamaza," alisema. "Nisaidieni benchi."

"Lakini nguzo zimekufa," Mama Léoncie alisema. "Nchi yote ni kimya. Utaongea na nani, na Mungu?"

"Naye pia, kama anapokea."

Alipanda, alipitisha waya mu tundu la mbao, aliifunga. Alileta sanduku lake akaliweka juu ya kiti, na batri chini. Mataa mawili yaliwaka. Ya nguzo ilibaki nyeusi. Nilimupa simu yangu, lakini aliirudisha mikononi mwangu: "Piga wewe."

Simu ilishika rezo ya sanduku, nikapiga kwa Kasereka. Ililia mara nyingi. Halafu sauti, kama mutu anatoka usingizini.

"Nani ana simu ya bibi yangu? Sema ukweli, ndugu. Nimekwisha kufunga mufuko. Nataka tu kujua wamelala wapi."

"Papa," nilisema. "Ni mimi."

Nilisikia anapumua.

"Nimekwisha kufunga mufuko," alirudia. "Kesho asubuhi nilikuwa ninatoka."

"Usitoke! Tuko, nyumba iko. Uko na binti. Anangoja jina."

Akaanza kulia, mwanaume yule, na kucheka pamoja. "Jina ninalo," akasema, na hapo, mu kucheka kwake, risasi zikalia upande wa mupaka. Mama Uwizeye alinigusa goti. Akanionyesha sanduku na kidole. Taa ya Gisenyi ilizimika. Ikabaki moja. Niliibana simu kwenye sikio, nikingoja sauti ianguke kama jiwe mu kisima.

Haikuanguka. Kasereka hakujua kitu. Aliendelea kusema, bila hata kukwama: "Kwa sababu mumebarikiwa. Hata nyumba imebaki. Bénie. Mwite Bénie."

Sauti ilikuwa imeanza neno upande wa Gisenyi na imelimaliza mbinguni, na ilikuwa bado ya joto, bado na kile kikohozi chake cha vumbi la njia. Nilitazama mabati ya nyumba yangu kama yamefunguliwa. Niliangalia mikono ya Mama Uwizeye, ina mikwaruzo ya waya na harufu ya kitunguu, nikaishika. Mama Léoncie alifanya alama ya musalaba.

"Sasa," akasema polepole, "mimi nina dada yangu Rutshuru."

Siku zilizofuata watu walipanga mustari mupaka inje. Wazee, wanafunzi, hata wale waliosema mabaya. Habari ilitembea, na habari ikitembea sana inafika kwa wenye bunduki. Wakaanza kuuliza nyumba kwa nyumba: nani ana sahani za kuongea na inje? Kwetu walimukuta Mama Léoncie mulangoni.

"Sahani? Ziko mingi. Zote zina bugali. Ingieni mukule."

Walicheka wakapita. Sisi pia tulicheka, baadaye, kwa woga. Mama Uwizeye peke yake hakucheka.

Kesho yake alinikuta ninafua vitambaa vya mutoto. Alikaa juu ya jiwe. Alimuchukua Bénie, akamunusa kichwa.

"Nimefanya tena kosa la Munigi," alisema.

"Kosa gani, Mama?"

"Njia ni tatu. Lakini zote zinaingia kwa mulango mumoja, na mulango ni mimi. Wakinibeba, au wakichoma nyumba yangu, parseli yote inazimika mara moja. Na Papa Bénie angali Butembo. Anasikia kimya siku mbili, anafunga mufuko."

Nilikamua kitambaa. Nilijua kwamba jambo analolileta ni zito, kwa sababu aliniangalia kama vile mutu anaangalia daraja kabla ya kupita.

"Najua uko na mutoto mudogo," alisema. "Najua wakikuta kitu hiki kwako hawatauliza ni cha nani. Ukikataa, tutabaki majirani, na waya yako haitakatwa. Lakini nakuomba unipe ukuta wako wa nyuma, pale unapoanika nguo za mutoto. Nihamishie kile kisahani hapo, na sanduku la pili. Na unikubalie nikufundishe kusoma mataa ya sanduku, leo, jua lingali juu."